Kiti cha Mama Mkwe

Kiti kilivunjika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na aliyekuwa amekikalia ni mama mkwe.

Bibi Winfrida alikuwa ndiyo kwanza ameingia Kasingirima. Alitoka Mwamgongo kwa boti, akashukia Kibirizi, na binti yake Rozalia akamshika mkono tangu mchangani mpaka ndani ya bajaji. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa limeziba kabisa. La kushoto lilimwonyesha vivuli tu, kiasi cha kutofautisha mlango na ukuta. Madaktari wa macho kutoka Dar es Salaam walikuwa wanakuja kwa wiki moja, kuanzia Jumatatu inayofuata, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Alikuja mapema ili uchovu wa ziwa umtoke kabla ya kisu.

Gervasi, mume wa Rozalia na baba wa mtoto wao Recho, alikuwa amemwandalia kiti. Hakukinunua. Alikitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, chini ya bati alilolipandisha juu ya nguzo nne baada ya kustaafu kazi ya mkuu wa ghala bandarini. Alikipaka vanishi mara tatu mpaka kikang'aa kama kikaango chenye mawese. Asubuhi hiyo alikiweka katikati ya sebule, akasimama kando ya mlango wa uani, mbali kidogo, kama mkwe anavyotakiwa kusimama.

"Karibu, mama," alisema akitazama chini. "Kiti ni hicho."

Rozalia alimgeuza mama yake polepole. "Kaa, mama. Kiko nyuma yako."

Bibi Winfrida akakaa. Kukasikika mlio mmoja mkavu, kisha mwingine. Miguu miwili ya nyuma ilitawanyika, mmoja huku, mmoja kule, na bibi wa miaka sabini na mitano akaenda chini chali, miguu juu, kitenge kikamfika magotini. Gervasi alijigeuza haraka akatazama ukuta, lakini alikuwa ameshaona. Majirani wawili waliokuja kusalimia walikuwa wameona pia, na mmoja wao alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, isijulikane ni kwa huruma au kwa kicheko.

"Nimeanguka," Bibi Winfrida alisema akiwa bado sakafuni. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa. "Baba Recho yupo?"

"Yupo, mama."

"Ameniona?"

Rozalia alipiga magoti. Alikuwa anavuta kitenge cha mama yake chini kwa mikono miwili.

"Basi ameniona," alisema bibi.

Hakuvunjika mahali. Alichubuka kiwiko tu. Lakini kwa mtu wa rika lake, kuanguka miguu juu mbele ya mkwe, tena kwenye kiti cha mkwe huyo huyo, hakukuwa jambo la kupaka dawa likaisha. Kabla ya saa sita alikuwa amepanda bajaji nyingine, ameelekea Ujiji kwa mdogo wake, Adolf. Chai aliyochemshiwa ilipoa mezani.

*

Jumatano asubuhi Gervasi na Rozalia waliitwa Ujiji. Adolf alifanya biashara ya karanga, na kwa kuwa mke wake alikuwa Kasulu kwenye mavuno, sebule yake ilikuwa imejaa magunia mpaka dirishani. Alimwelekeza Gervasi akae juu ya gunia. Yeye mwenyewe alikalia kochi pekee lililobaki wazi. Bibi Winfrida alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kwa sababu hakuweza tena kukaa chumba kimoja na mkwe wake mpaka jambo liishe.

Adolf alikohoa. Alipenda vikao.

"Baba Recho, tumekuheshimu miaka thelathini na mbili. Hujawahi kumpiga binti yetu, hujawahi kumfukuza. Lakini jana umemwangusha dada yangu mkubwa. Watu wameona. Mpaka sokoni wananiuliza. Sasa mimi nimekaa, nimefikiri, nimeona utoe mbuzi mmoja jike na vitenge doti mbili."

"Mbuzi wa nini?" sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Atatafunwa na nani? Mimi sina meno."

"Dada, huo ni utaratibu."

"Utaratibu wako umejaa tumbo lako. Mwambie baba Recho nataka kiti."

Adolf alijiweka sawa kochini. Gervasi aliinua uso akatazama pazia, akakumbuka, akaushusha.

"Mama," Rozalia alisema, "leo hii hii tutakununulia kiti. Yapo maduka Mwanga, yana viti vizuri vya—"

"Sitaki cha dukani. Akinunua cha dukani ataendelea kutengeneza vile vyake, na siku moja ataua mtu. Nataka atengeneze yeye. Ajifunze. Jumapili baada ya misa nitakuja. Nikikaa nikatulia, nitalala kwake, na Jumatatu mtanipeleka kwa madaktari. Nikianguka, au nisipokuta kiti, Jumatatu napanda boti narudi Mwamgongo na macho yangu kama yalivyo."

Hapo Rozalia aliingiwa na hofu ya kweli. Baada ya upasuaji mama yake angehitaji mtu wa kumtia dawa machoni mara nne kwa siku, wa kumwongoza chooni, wa kumzuia asiiname. Adolf asingeweza kazi hiyo, na nyumba yake haikuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka. Na madaktari wakishaondoka, nani alijua wangerudi lini? Alimjua mama yake. Akisema boti, ni boti.

*

Walirudi kwa miguu, kwa sababu Gervasi alisema anataka kupunga hewa. Walipita posta, wakapita wauza samaki wa migebuka. Karibu na nyumbani Gervasi akafoka.

"Sielewi! Kile kiti kilikuwa kizuri. Wewe mwenyewe ulisema ni kizuri!"

Rozalia alisimama katikati ya njia. Baiskeli ilimkwepa.

"Nilidanganya," alisema.

"Ulidanganya nini?"

"Kiti kilikuwa kinayumba, baba Recho. Nilikikalia wiki iliyopita ulipokwenda kunyoa, kikatoa mlio. Nikanyamaza. Na stuli zinayumba. Na lile kabati la vyombo, vyombo vyangu naviweka chini kwenye beseni, kabati nalifungua ukiwa unatazama tu." Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini sauti ilikuwa kavu. "Ulipostaafu ulikaa miezi mitatu unatazama geti. Ulikuwa huli. Siku ile uliponunua msumeno ulikula sahani mbili za ugali. Ningekwambia nini? Nilifurahi unakula. Sasa nimemkalisha mama yangu mzazi kwenye kiti ninachojua ni kibovu. Nimemkalisha kwa mikono yangu hii."

Gervasi alisogea kando ya njia. Bandarini watu walimwambia "ndiyo, mkuu" kwa miaka thelathini na moja, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba hata nyumbani alikuwa anaambiwa "ndiyo, mkuu".

"Na wale wengine?" aliuliza. "Watu niliowapa?"

"Nenda kawaulize."

*

Alikuwa amegawa vitu kumi na kimoja. Alichukua mkokoteni wa kuazima na kuanza mzunguko mchana huo huo, amenyoosha mgongo, akijiambia kwamba anakusanya kazi zake ili azikague.

Kwa Esther, jirani wa ukuta mmoja, alikuta stuli yake ndani ya banda la kuku. Ilikuwa imelazwa ubavu, na tetea alikuwa amekaa anataga kati ya miguu yake.

"Kuku wanaipenda mno, shemeji," Esther alisema haraka. "Huyu tangu nimpe hajaacha kutaga."

Kwa Gasper, katekista, aliulizia meza ndogo aliyoitoa kwa kanisa. Gasper alizunguka naye mpaka nyuma ya stoo. Meza ilikuwa imebeba makopo ya rangi, mguu mmoja umeegemezwa kwa tofali.

"Hatukutaka kukuvunja moyo, mzee," Gasper alisema akikuna shingo. "Padri alisema iwekwe mahali pa heshima. Kisha siku ya Pasaka ikamwaga divai."

Nyumba ya nne walikiri bila kuzungushana kwamba benchi lake walilichanja kuni wakapikia maharage kipindi kile mkaa ulipopanda bei. "Yaliiva vizuri," mama mwenye nyumba alimwambia, akiwa na nia njema kabisa. Nyumba ya sita walikuwa wamepewa stuli mbili na hawakukumbuka hata moja. Nyumba ya saba walimficha mtoto aliyekuwa na kovu pajani.

Mgongo ulikuwa umeshainama alipofika kwa Mwinshehe, muuza dagaa karibu na reli. Benchi la Gervasi lilikuwa limelazwa juu ya mtaro wa maji machafu, wateja wanalikanyaga kuingia dukani.

Mwinshehe hakutafuta maneno. "Kukalia lilinishinda, jirani. Lakini kama daraja, mashallah, halina mfano."

Gervasi aliangua kicheko bila kutaka. Alicheka mpaka akajishika kiuno, na Mwinshehe akacheka naye kwa kumwonea huruma, kisha akacheka kwa kufurahi. Walipotulia, Gervasi aliona kiti alichokalia mwenzake. Kilikuwa kiti cha kawaida, hakina nakshi. Alimwomba ainuke, akakipindua. Alitafuta msumari hata mmoja, hakuuona.

"Kina miaka mingapi?"

"Tisa. Na mimi unaniona mwili wangu. Alikitengeneza Lyse, wa Simbo."

Gervasi alirudi nyumbani na vitu saba kwenye mkokoteni. Vinne vilikuwa vimeshakuwa majivu au vimesahaulika. Rozalia alimfungulia geti, akavitazama, akamtazama yeye.

"Kesho nakwenda Simbo," alisema Gervasi.

*

Alifika na mfuko wa sandarusi wenye mguu wa kiti kilichovunjika. Nyuma ya nyumba ya matofali mabichi, chini ya paa la nyasi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa anapiga randa. Maranda yalikuwa yanajikunja na kumwangukia miguuni. Wazazi wake walikimbia Burundi muda mrefu kabla hajazaliwa. Yeye alizaliwa huku huku, na Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kirundi aliokua nao jikoni kwa mama yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Namtafuta fundi Lyse. Mume wako yupo?"

"Mume wangu yupo shambani. Fundi ndiye mimi."

Gervasi alitaka kusema samahani, badala yake akakohoa na kutoa mguu kwenye mfuko. Lyse aliupokea kwa mikono miwili. Aliunusa. Alipitisha kidole mahali ulipochanika.

"Yoo," alisema. "Mbao ilikuwa mbichi, mzee. Uliifunga ikiwa na maji, ikakaukia ndani ya kazi, ikasinyaa, misumari ikabaki inashika tundu. Na misumari yenyewe..." alihesabu kwa midomo, "sita kwenye kiungo kimoja! Hapo umeipasua mwenyewe. Ulijifunza kwa nani?"

"Kwenye simu. Kuna Wazungu wanaonyesha."

Lyse aliuma mdomo asicheke. "Wazungu hao wana mashine, wana mbao iliyokaushwa kwenye tanuri. Wewe una nini?"

Gervasi akamweleza yote: kiti, kitenge, pazia, Jumapili. Alipofika kwenye benchi la Mwinshehe, Lyse alishindwa kujizuia. Alicheka akakaa chini kwenye maranda.

"Nitakutengenezea," alisema akijifuta macho. "Jumamosi unachukua."

"Hapana. Amesema nitengeneze mimi. Sema unataka kiasi gani unifundishe."

Lyse aliangalia rundo la mbao lililokuwa likimsubiri: madawati kumi na mawili ya shule. "Sitaki hela. Unirandie mbao zangu. Kwa kila mbao utakayoiranda ikanyooka, nakufundisha jambo moja."

Gervasi alivua saa yake akaitia mfukoni. Alidhani ataanza kukata. Lyse alimpa patasi na jiwe la kunolea, akamwonyesha jinsi ya kuilaza, akaondoka. Kila baada ya nusu saa alirudi, akaijaribu kwenye nywele za mkono wake, akamrudishia. "Buhoro buhoro, polepole, mzee. Unaisukuma kama unagombana nayo." Ilikaribia saa saba patasi iliponyoa nywele tatu. Gervasi alifurahi kuliko siku aliyopandishwa cheo.

Alasiri hiyo alikuwa anafagia maranda wakati lori lilipoegesha barabarani. Aliyeshuka kununua mihogo alikuwa Meshack, ambaye miaka saba nyuma alikuwa karani chini yake, na ambaye Gervasi aliwahi kumfokea mbele ya wapagazi kwa kuchelewa dakika kumi. Meshack alisogea akiwa haamini.

"Mkuu! Ni wewe? Unafagia?"

Gervasi alikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza, kwamba anakagua mradi. La pili, kwamba fundi ni mpangaji wake. Aliyaonja yote mdomoni, akamwona Lyse akimtazama juu ya benchi la kazi.

"Najifunza," alisema.

Meshack alitazama ufagio. "Basi kazi njema, mkuu," alisema, na kabla ya kuondoka akamwachia mhogo mmoja wa kuchoma. Gervasi aliukata, akampa Lyse nusu.

*

Ijumaa walikata viungo. Lyse alitoa vipande vya mninga mkavu, masalio ya kitanda alichotengeneza baba yake kabla hajafa, vilivyokaa juu ya dari miaka sita. "Mbao hii imemaliza kulia," alisema.

Gervasi alichukua futi akaanza kupima mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Lyse alimnyang'anya futi. Aliilaza miguu yote minne pamoja, akaibana, akachora mstari mmoja juu ya yote. "Ukipima mmoja mmoja, kila mmoja utakuwa na kosa lake. Hivi, hata ukikosea, umekosea sawasawa."

Ulimi wa kwanza aliouchonga Gervasi, ile ncha inayozama kwenye tundu la ubao mwingine, ulicheza humo kama jino la mtoto.

"Tutatia gundi nyingi," alisema Gervasi.

"Gundi inashika mbao kwa mbao, mzee. Haishiki hewa. Chonga mwingine."

Ulimi wa pili ulikuwa mnene. Alipougonga, ubao wa tundu ulipasuka toka mwanzo hadi mwisho, na mninga wa marehemu baba yake Lyse ukapotea kipande. Gervasi alikaa chini. Alisubiri kufokewa. Alijua angekuwa yeye, angefoka.

Lyse alikigeuza kile kipande. "Hiki kitatoa kigingi," alisema, akakiweka kando. "Mama mkwe wako ana urefu gani?"

"Wa kawaida."

"Kawaida ya nani? Kutoka kisigino mpaka gotini ni kiasi gani?"

Gervasi alijaribu kukisia kwa kiganja. Miaka thelathini na mbili alikuwa akitazama chini mbele ya yule mama. Alijua viatu vyake vyote, lakini urefu wake hakuujua. Akampigia simu Rozalia. Saa moja baadaye Rozalia alikuwa Ujiji na kamba ya katani, amepiga magoti mbele ya mama yake.

"Unanipimia jeneza?" bibi aliuliza.

"Kiti, mama. Nyoosha mguu."

"Mwambie akiwekee mikono ya kushikilia. Kuinuka ndiyo kazi siku hizi."

Kamba ilifika Simbo jioni kwa bodaboda, ina mafundo mawili: fundo la goti na fundo la kiwiko. Lyse aliitundika msumarini akaitazama. Kile kiti cha kwanza kilikuwa kirefu kupita fundo la goti kwa vidole vinne. Hata kisingevunjika, bibi angekaa miguu ikining'inia.

Ulimi wa tatu uliingia kwa mkono mpaka nusu, na nusu iliyobaki ikaingia kwa nyundo ya mti, pole pole, na ulipofika mwisho kukatoka hewa kidogo, fyuu. Gervasi alimwangalia Lyse. Lyse alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye dawati lake, na Gervasi akaelewa kwamba hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Jumamosi, baada ya kuranda mbao ya kumi na saba, alikibeba kiti nyumbani juu ya bodaboda, kimefungwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti ili viungo vibane mpaka gundi ikauke. Alikiweka chini ya bati lake, akamwita mkewe.

"Kaa. Kisha useme kweli."

Rozalia alikaa. Aliegemea. Alijitikisa kushoto, kulia. Akapitisha kiganja kwenye mkono wa kiti.

"Hakiyumbi," alisema. Akaendelea taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya ziwa kwa kidole cha mguu. "Lakini hapa chini pana mkwaruzo. Utachana kitenge cha mama."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa."

Gervasi alipiga magoti na msasa. Rozalia alimwonyesha mahali pengine, kisha pengine tena. Mahali pa sita alianza kumwonyesha hata pasipo na kitu, na wote wawili wakajikuta wanacheka.

*

Jumapili, misa ilipotoka, ukuta wa ua wa Gervasi ulikuwa na vichwa vya majirani kama maboga yaliyopangwa. Habari ilikuwa imeenea. Mwinshehe alikuwa amefunga duka. Esther alikuja na stuli yake mwenyewe ya kukalia, si ile ya kuku. Hata Lyse alikuja na mumewe, wakasimama nyuma.

Bibi Winfrida aliingia akiwa ameshikwa na Adolf. Gervasi alirudi mahali pale pale kando ya mlango wa uani.

"Kiko wapi?"

Rozalia alimwekea mkono juu ya kiti. Bibi hakukaa. Alikipapasa kuanzia juu, akashuka kwenye mikono, akainama akapapasa kila kiungo kwa vidole viwili, kama anayetafuta mwiba kwenye samaki. Alichukua muda wake. Ukutani vichwa vilisogea.

"Adolf, kaa wewe kwanza."

"Mimi, dada?"

"Wewe ndiye mzito."

Adolf alitazama umati. Alijishusha akiwa ameshika mikono ya kiti, uso umekaza, makalio yakafika. Kiti hakikutoa sauti.

"Ruka ruka."

"Dada!"

"Ulitaka mbuzi. Ruka."

Adolf aliruka ruka mara mbili, jasho likimtoka, na ukutani mtu akapiga makofi kabla ya kunyamazishwa. Kisha akasimama, na Bibi Winfrida akajigeuza, akapapasa nyuma yake, akakaa. Nyayo zake zote mbili ziligusa sakafu. Aliweka viwiko juu ya mikono ya kiti. Alijisogeza kushoto, akajisogeza kulia. Gervasi alikuwa ameshika fremu ya mlango mpaka vidole vimepauka.

Bibi alishusha pumzi.

"Sasa, uji wangu uko wapi?" alisema.

Vigelegele vilianzia kwa Esther vikazunguka ukuta mzima. Rozalia alikimbilia jikoni akiwa analia na kucheka, na Gervasi, kwa kutojua afanye nini na mikono yake, alikwenda kumshika Lyse mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akautikisa muda mrefu mbele ya watu wote.

*

Walimpasua Jumatatu, jicho la kulia. Jumanne bandeji ilitolewa. Bibi alipepesa, akamtazama binti yake aliyekuwa amepiga magoti na kichupa cha dawa.

"Umenenepa," alisema kwa furaha. Kisha akamwona Gervasi mlangoni. "Na baba Recho kumbe ameota mvi zote! Hakuna aliyeniambia."

Alikaa siku kumi na mbili. Alikula, akatiwa dawa, akapokea wageni, yote akiwa kwenye kiti chake, na akiinuka alikitandika kitenge ili asije mtu akakikalia. La kushoto, daktari alisema, lingefanywa timu itakaporudi mwakani. Siku ya kuondoka alitangaza kwamba kiti nacho kinakwenda Mwamgongo.

Pale Kibirizi mwenye boti alitaka kiti kilipiwe nauli ya abiria. "Kinachukua nafasi ya mtu, bibi."

"Mtu huyo ni mimi. Utanitoza mara mbili kwa tako moja?"

Abiria walimzomea mwenye boti mpaka akaachia. Vijana walimbeba bibi mgongoni, wakamfikisha ndani kati ya magunia ya chumvi. Gervasi aliingia majini mpaka magotini, akakiinua kiti juu, na mikono ya abiria ikakipokea na kukipitisha juu ya vichwa, mkono hadi mkono, kikielekea kwa mwenyewe kikiwa kimempa mgongo. Jua lilikipiga. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi Winfrida kukiona kwa nyuma.

Aliweka kiganja juu ya macho, akakunja uso, kisha akapaza sauti iliyosikika mpaka kwa wanaoanika dagaa.

"Baba Recho! Mguu wa nyuma umepinda!"

Ufuko mzima uligeuka. Rozalia aliziba mdomo. Gervasi alitazama, na kweli, kwa mwanga ule, mguu wa kushoto ulikuwa umekwenda nje kidogo, kama mguu wa mtu anayetaka kuanza kucheza.

"Nauona, mama!" alijibu kwa sauti, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Ukija na jicho la pili, tutaunyoosha!"

Bibi alijibu kitu akipunga mkono, lakini mashine ilikuwa imeshawaka na hakuna aliyesikia. Walimwona tu akikiweka kiti sawa kati ya magunia, akikigonga mara moja kwa kiganja, kisha akakaa, uso kauelekeza kwenye milima, akiwaonyesha abiria wenzake kwa kidole kitu fulani huko juu alichokuwa anakiona.